Kiwanja cha Makaburi Kwanza: Habari za Wayahudi wa Mji wa El Paso



Katika mkutano mkuu uliopita lilizuka neno ambalo halikumalizika. Mwanachama mmoja aliuliza kama ni halali fedha zilizochangwa kwa ajili ya maziko kutumiwa kulipa karo za watoto. Mwingine akasimama akasema kwamba chama cha maziko ni cha maziko, na mwenye kutaka shule na aanzishe chama chake. Wa tatu akauliza habari za yule kijana aliyefia mjini bila kuwa na kadi yetu, naye akazikwa kwa gharama yetu: je, ni nani aliyetoa ruhusa? Saa zikatuishia, nami nikiwa karani nikaandika katika kumbukumbu kwamba jambo hili limeahirishwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta habari za watu wengine waliopata kukutwa na mambo kama haya, nikaziona katika historia ya Wayahudi wa mji wa El Paso, jimbo la Texas, upande wa kusini-magharibi wa Marekani. Ni mji wa mbali, na watu wake si wa kabila letu wala wa dini yetu. Walakini mtu aliye ugenini ni yule yule popote alipo, na kifo humkuta popote.

Tena Wayahudi si watu tusiowajua kabisa. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilikubali kuwapa viongozi wao sehemu ya nchi ya Uasin Gishu wakae huko, bila wenyeji wa nchi ile kuulizwa, nao viongozi hao wakaikataa katika mkutano wao wa mwaka wa 1905. Wachache waliokuwa wamefika Nairobi walianzisha jamii yao ya ibada mwaka wa 1904, na sinagogi lao limo mjini hata leo. Na sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa kwamba Ibrahimu, baba yao, alikaa miaka mingi katika nchi ya Kanaani bila kumiliki hata hatua moja ya ardhi. Sara alipokufa ndipo aliponunua kiwanja, pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha. Mali yake ya kwanza katika nchi ya ugeni ilikuwa kaburi. Msomaji na alishike neno hili, maana litarudi.

MJI NA RELI

El Paso uko ukingoni mwa mto Rio Grande. Ng'ambo ya pili ni Ciudad Juárez, mji wa Meksiko, nao mto wenyewe ndio mpaka wa nchi hizi mbili tangu mwaka wa 1848. Nchi ile ni kame, yenye milima mikavu na joto kali. Mwaka wa 1880 mahali hapo palikuwa kijiji tu; hesabu ya serikali ilipata watu 736. Mwaka wa 1881 ikafika reli, na katika miaka michache njia nne za gari la moshi zikakutana hapo. Hesabu ya mwaka wa 1890 ilipata watu 10,338; ile ya 1910 ikapata 39,279. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya kambi ya reli ya Nairobi jinsi ilivyogeuka kuwa mji hawatashangaa.

Wayahudi wachache walikuwako kabla ya reli. Walikuwa wafanya biashara kutoka Ujerumani, na waliojulikana sana ni wa jamaa ya Schutz. Mwaka wa 1875 Solomon Schutz, akirudi kutoka kwao Westphalia, alifuatana na kijana wa miaka 18, jina lake Ernst Kohlberg, aje kufanya kazi dukani kwake. Barua ambazo kijana huyu aliwaandikia wazazi wake zilihifadhiwa, na baadaye zikapigwa chapa. Desturi hii twaijua sote: mmoja hutangulia mjini, na akiisha kupata mahali pa kulala humleta mdogo wake, na mdogo naye humleta mwenzake. Ernst alipojiweza alifungua kiwanda cha sigara, akarudi Ujerumani kuoa, akaja na mkewe Olga Bernstein mwaka wa 1884.

Wenyeji wa mji hawakuwakataa watu hawa. Solomon Schutz alikuwa meya mwaka wa 1880. Mwaka wa 1889 alichaguliwa Myahudi mwingine, Adolph Krakauer, muuza vyombo vya chuma, lakini hakukalia kiti, kwa kuwa ilionekana hajatimiza hati zake za uraia. Kura alikuwa nazo, karatasi hakuwa nayo. Mimi niliye karani nasema: na iwe fundisho kwa wote wanaoahirisha mambo ya karatasi.

CHAMA CHA KWANZA

Basi kulikuwa na maduka, kulikuwa na meya, lakini hakukuwa na sinagogi wala rabi. Walisali nyumbani au katika chumba cha kuazima. Jambo hili si ajabu, maana katika dini ya Kiyahudi sala haitaki jengo. Yatakiwa watu wazima kumi tu, na kwa desturi ya siku zile walihesabiwa wanaume peke yao. Wakiwa tisa, sala fulani haziwezi kusemwa, na miongoni mwake ni ile sala ya kumwombolezea marehemu. Hata mtu mwenye mali nyingi hawezi kuisema peke yake.

Lakini maziko hayawezi kuazimwa chumba. Maiti wa Kiyahudi hutakiwa kuzikwa upesi, katika ardhi iliyotengwa. Huoshwa na watu wa jamii yake mwenyewe, huvikwa sanda nyeupe isiyo na pambo, na sanduku lake huwa la mbao tupu. Tajiri na maskini ni sawa; kanuni hiyo waliiweka wahenga wao zamani sana, ili maskini asiaibike na jamaa zake wasiingie katika deni. Na kazi ya kumwosha maiti huhesabiwa kuwa wema wa kweli kupita wote, kwa sababu anayetendewa hawezi kulipa.

Kwa hiyo mwaka wa 1887 Wayahudi wa El Paso waliunda chama chao cha kwanza, wakakiita Mount Sinai Association, na shughuli yake ilikuwa kupata mahali pa kuwazika wafu wao. Miaka 11 ilipita kabla ya kuanzishwa jamii ya ibada, mwaka wa 1898, nayo ikarithi jina hilo hilo la Mlima Sinai. Jengo lao la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 1899. Yaani kaburi lilitangulia, sinagogi likafuata, kama ilivyokuwa kwa Ibrahimu.

Kwa nini ikawa hivyo? Naona sababu ni hii. Kijana anayekuja mjini kutafuta fedha hujiambia kwamba atakaa miaka miwili arudi kwao. Hajengi, hapandi mti. Siku anapomzika mwenzake katika mchanga wa mji ule ndipo anapotambua kwamba baadhi yao hawatarudi. Kununua kiwanja cha makaburi ni kukiri neno ambalo hakuna aliyetaka kulisema: sisi sasa ni watu wa hapa.

KAZI YA AKINA MAMA

Sasa nafika kwenye swali la karo. Olga Kohlberg alikuwa ameyaona Ujerumani madarasa ya watoto wadogo ambao bado umri wao wa shule haujatimia, wanaofundishwa kwa michezo na nyimbo. El Paso hakukuwa na darasa la namna hiyo, wala katika shule za serikali za Texas nzima. Yeye na mama wengine wa mjini, Wayahudi na Wakristo pamoja, walikusanya fedha wakaanzisha darasa moja. Halafu wakaiendea halmashauri ya shule, na mwaka wa 1893 halmashauri ikakubali kulipokea liwe la umma. Lilikuwa darasa la kwanza la umma la watoto wadogo katika jimbo zima la Texas.

Hawakuishia hapo. Mama hawa walikuwa pia miongoni mwa walioanzisha hospitali ya mjini, wakasimamia maktaba, na walisaidia kufungua nyumba ya kuuguzia watoto wachanga huko Cloudcroft, katika milima ya New Mexico, kwa kuwa joto la bondeni liliwaua watoto wengi kwa maradhi ya kuhara. Mwaka wa 1910 Ernst Kohlberg aliuawa kwa bastola na mpangaji wake katika ugomvi wa kodi. Olga alibaki mjane, wala hakuacha kazi. Alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya maktaba kwa miaka mingi, hata alipofariki mwaka wa 1935.

Naomba wanachama walitazame jambo moja. Chama cha makaburi kilibaki na kazi yake ya makaburi. Akina mama walisuka kikapu kingine, wakakijaza kwa mchango mwingine, wala hawakuuliza mtoto ni wa dini gani. Vikapu vilikuwa viwili, lakini mikono iliyovibeba ilitoka katika nyumba zile zile.

WAWILI WASIOSALI PAMOJA

Isidhaniwe kwamba walikuwa na moyo mmoja katika kila jambo. Baada ya Wajerumani walifika Wayahudi wengine kutoka Urusi na nchi za mashariki ya Ulaya, maskini zaidi na washika dini zaidi. Wale wa Mount Sinai walikuwa wa madhehebu ya matengenezo. Walisali sehemu kwa Kiingereza na walikuwa wamelegeza sheria nyingi za kale. Hawa wapya hawakuweza kuyakubali hayo, wakaanzisha jamii yao mwaka wa 1900, wakaiita B'nai Zion, maana yake Wana wa Sayuni. Hata leo jamii zote mbili zingaliko. Kwa sala walitengana. Kwa sadaka na kwa taabu ya wageni walilazimika kukutana, kwa sababu mwenye njaa haulizi mkate umetoka madhehebu gani.

Mwaka huo huo wa 1900 Mount Sinai walimpata rabi kijana, Martin Zielonka, mzaliwa wa Berlin aliyesomea Cincinnati. Alikaa nao hata kufa kwake mwaka wa 1938. Katika miaka yake mji ulipita katika moto. Mwaka wa 1911 watu wa El Paso walipanda juu ya mapaa kutazama vita ya mapinduzi ya Meksiko katika Ciudad Juárez, na risasi zilizopotea njia zikawaua baadhi ya watazamaji. Maelfu ya wakimbizi walivuka mto. Mwaka wa 1921 likaingia kundi la Ku Klux Klan, lililowachukia Wakatoliki, Wayahudi na watu weusi. Mwaka wa 1922 watu wake wakashika halmashauri ya shule, ile ile iliyolipokea darasa la Olga. Mwaka wa 1923 walitaka kiti cha meya, na wapiga kura wa mji wakawashinda.

Mzee yeyote wa kwetu ataniuliza: na watu weusi wa mji huo je? Ni haki kuuliza. Watoto wao walisoma mbali, katika shule ya Douglass, kwa kuwa sheria ya Texas ilitenga rangi. Darasa la umma halikuwa la umma wote. Wayahudi katika sheria hiyo walihesabiwa pamoja na wazungu, wakapata faida yake. Sheria ya jimbo ya mwaka wa 1923 iliwakataza watu weusi kupiga kura katika uchaguzi wa ndani wa chama cha Democratic, ambao ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Daktari Lawrence Nixon, mtu mweusi wa El Paso, alikwenda kupiga kura mwaka wa 1924 akakataliwa. Alishtaki, na mwaka wa 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Mlango ule aliufungua yeye kwa mkono wake, na imempasa aandikwe katika kila habari ya mji huo.

MGENI ALIYE NG'AMBO YA MTO

Sasa lile swali la tatu, la mtu asiye na kadi. Mwaka wa 1921, na tena mwaka wa 1924, Marekani ilitunga sheria za kupunguza wageni kutoka mashariki na kusini ya Ulaya. Wayahudi wengi waliokuwa wakikimbia taabu za kwao walishuka Meksiko, wakitumaini kuingia Marekani kwa mlango wa nyuma. Wengine walitoa fedha zao za mwisho kwa watu wa kuwavusha mto usiku. Waliokamatwa walifungwa El Paso, na aliyeitwa kuwaona alikuwa Rabi Zielonka.

Hapo pana jambo gumu. Zielonka hakuona vema watu kuvushwa kwa siri. Aliona ni kuvunja sheria, tena kunawatia wageni mikononi mwa wanyang'anyi. Wako waliomwona ana moyo mgumu, kwa kuwa mtu aliyeketi salama ndani ya ua ni rahisi kumwambia aliye nje asiruke. Lakini hakutoa shauri akaketi. Mwaka wa 1921 alisafiri hata Mexico City ayaone maisha yao kwa macho yake, akakuta watu wasiojua Kihispania, wasio na kazi wala mtu wa kuwapokea. Alirudi akaisukuma B'nai B'rith, jumuia kubwa ya kusaidiana ya Wayahudi, hata ikafungua ofisi katika Mexico City ya kuwafundisha lugha, kuwatafutia kazi na kuwakopesha fedha za kuanzia biashara. Wengi walibaki huko, wakajenga shule na masinagogi, na leo Wayahudi wa Meksiko ni makumi ya maelfu.

Je, alitenda haki? Baada ya mwaka wa 1933, Wayahudi wa Ulaya walipotafuta pa kukimbilia wakakuta milango imefungwa, wengi walikumbuka kwa uchungu sheria zile za miaka ya ishirini. Mimi nasema neno moja tu: watu wale hawakuwa wanachama wa Mount Sinai. Hawakuwa wamelipa hata senti, wala hawakuwa ndani ya nchi yake. Hata hivyo safari ya siku nyingi aliifanya kwa ajili yao.

BAADA YA VITA

Katika vita kuu ya pili Wayahudi 6,000,000 wa Ulaya waliuawa. Mwaka wa 1946 alifika El Paso mtu mmoja, Henry Kellen, mzaliwa wa Poland, aliyeokoka pamoja na mkewe na mtoto wa ndugu yake kwa kufichwa na mkulima wa Lituania. Katika miezi ile ile, katika kambi ya jeshi ya Fort Bliss iliyo pembeni mwa mji, walikaa wataalamu wa Kijerumani zaidi ya 100, Wernher von Braun akiwa mkubwa wao, ambao walimtengenezea Hitler makombora na sasa waliitumikia Marekani. Mji mmoja uliwapokea wote wawili, mwindaji na mwindwa, na pengine walipitana njiani bila kujuana.

Kellen alikaa kimya miaka mingi. Aliposikia watu wakisema kwamba mauaji yale hayakutokea, alianza kukusanya picha, barua na vitu, na mwaka wa 1984 akaviweka mahali watu waweze kuviona. Hiyo ikawa nyumba ya makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi. Iliungua mwaka wa 2001, ikafunguliwa tena katikati ya mji mwaka wa 2008. Kellen mwenyewe alifariki mwaka wa 2014. Wanafunzi wanaofika humo wengi si Wayahudi, bali watoto wa mji ule, ambao wengi wao asili yao ni Meksiko.

Mwingine aliyehifadhi mambo ni Rabi Floyd Fierman, aliyeitumikia Mount Sinai tangu 1949 hata 1979. Alikwenda akipekua vitabu vya hesabu vya maduka, barua za zamani na kumbukumbu za mikutano, akaandika habari za waliotangulia. Bila yeye na wenzake mimi nisingepata la kuwasimulia. Makaratasi yale yaliandikwa na makarani wasiodhani kwamba kuna atakayeyasoma.

Jamii ile haikuwa kubwa kamwe. Mwishoni mwa karne iliyopita walikuwa yapata 5,000. Mwaka wa 1962 Mount Sinai walifungua sinagogi jipya, lenye tao refu linaloinuka mbele ya milima. Duka maarufu la Popular, lililoanzishwa mwaka wa 1902 na Adolph Schwartz kutoka Hungaria, ambalo wanunuzi wake wengi walivuka mto kutoka Meksiko, lilifungwa mwaka wa 1995, baada ya fedha ya Meksiko kuanguka. Vijana wengi wamekwenda miji mingine. Duka limekwisha, kiwanda cha sigara kimekwisha. Makaburi yako, darasa la watoto wadogo limekuwa desturi ya jimbo zima, na jina la chama cha mwaka wa 1887 lingali likisomwa mlangoni.

MWISHO

Wazee wangu, sina mamlaka ya kuamua. Kazi yangu ni kuandika yaliyoamuliwa. Lakini kwa kuwa mwenyekiti ameniruhusu kurasa hizi, natoa rai yangu. Mfuko wa maziko usiguswe. Ulichangwa kwa machozi, na mwanachama anayelipa kila mwezi lazima ajue kwamba siku yake ikifika utakuwapo. Kwa karo na tusuke kikapu cha pili, chenye daftari lake na mweka hazina wake, na akina mama wapewe kukishika. Sanda na masanduku yetu yapunguzwe mapambo, ili matanga yasile chakula cha yatima. Na kuhusu yule kijana asiyekuwa na kadi, nimetazama tena katika daftari. Gharama imeandikwa, jina limeandikwa, ila mahali pa mtoa ruhusa pamebaki wazi. Naomba mkutano ujao paandikwe: Chama.